Rwamba na Mashine Inayouliza Nairobi

Asubuhi ya Kianjokoma huja polepole. Ukungu hushuka kutoka msituni, huvuka mashamba ya majani chai, kisha huketi barabarani kama mgeni ambaye hakubisha hodi. Duka lililo hatua ishirini mbele yangu huwa kivuli tu. Mimi huwa nimefika kabla ya saa kumi na mbili, na jiko langu la kuni na sufuria ya nduma, yale magimbi ninayouza. Kutoka kwenye stuli hii nimewaona watu wa soko hili wakija na kuondoka miaka kumi na minne, na ni kutoka hapa nilimwona binti yangu Rwamba akipanda ngazi kufanya kazi ambayo hadi leo sijui vizuri niieleze vipi.

Watu wakiniuliza, husema anaunganisha mashine za pesa. Mimi niliachia darasa la sita, kwa hivyo siendi mbali zaidi ya hapo. Yeye mwenyewe alinieleza siku ile ushirika wetu ulipowekewa mashine ukutani.

"Mami, ile mashine haijui kitu," alisema, akimenya nduma yangu bila kulipa. "Mtu akitia kadi, inauliza Nairobi kwanza. Huyu ni nani, nimpe ama nisimpe?"

"Na Nairobi inajibu?"

"Inajibu."

"Kwa waya gani?"

"Hakuna waya. Iko na laini ndani, kama ya simu yako. Inaongea na mnara, mnara unaongea na mnara mwingine, mpaka kule."

Tangu siku hiyo nikitazama juu huona kama hewa ina njia. Nikiwa peke yangu na ukungu, mtu akitia kadi ng'ambo ya barabara, mimi hulifuata lile swali kwa macho. Naliona likitoka ukutani, likipita juu ya chai bila kuikanyaga, likivuka mto bila kulowa. Halafu nangoja. Mashine ikitoa sauti ile ya noti zikisuguana, najua swali limerudi nyumbani salama, na moyo wangu unashuka mahali pake.

Rwamba alikuwa hivi tangu utotoni. Marehemu baba yake alikuwa na redio ya betri iliyokuwa na kiburi, haikubali kusema popote ila mahali ilipochagua yenyewe. Rwamba akiwa na miaka tisa alikuwa akizunguka nayo uani, sikio limebanwa kwenye spika, akipita karibu na zizi, akiingia kwenye nyasi za ng'ombe. Redio ikipata sauti baba yake husema, "Simama hapo hapo, usihame." Naye alisimama mpaka taarifa ya habari ikaisha, mbu wakimla miguu. Nilikuwa nikimhurumia. Sikujua kwamba alikuwa kazini tayari.

Alisomea mambo ya umeme mjini Embu miaka miwili. Sasa ana miaka ishirini na sita na amepewa kazi ya mkataba na bwana mmoja wa Meru anayeitwa Kailemia, ambaye huchukua kazi za vyama vya ushirika na maduka, kutoka Ruiri hadi huku kwetu. Rwamba huzunguka na pikipiki, ngazi imefungwa kando, mkanda wa kupandia umening'inia shingoni. Akifika mahali hafungi antena haraka. Huigeuza kwa upana wa kidole, akitazama kwenye simu nambari inayopima nguvu ya mawimbi, akiigeuza tena, uso wake ukiwa mbali kabisa, kama mtu anayekumbuka ndoto.

Hapa kwetu alifunga antena mwezi wa pili, wakati wa kiangazi. Aliielekeza kwenye mnara ulio ng'ambo ya mto, ulio karibu kuliko yote. Kwenye antena hiyo hiyo alifunga na sanduku dogo la kuhudumia kimashine cha kulipia kwa kadi cha Kathambi, mwenye duka la mbolea na dawa za mifugo. Kila kitu kilikwenda vizuri, na mimi nilijivuna kimyakimya kwa miezi kadhaa.

Taabu ilianza mvua za mwezi wa kumi zilipoingia, wakati wakulima wa chai wanangoja bonasi yao ya mwaka. Asubuhi moja mashine iliandika kwamba haiwezi kuhudumia mtu. Watu walisimama mbele yake kama waliofiwa. Saa sita Rwamba akaja mbio kutoka Runyenjes, na alipoweka ngazi tu, mashine ikaamka. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Inalala alfajiri, inaamka Rwamba akifika. Alibadilisha laini, akabadilisha sanduku, akabadilisha waya wa stima. Wakati wote huo nambari kwenye simu yake ilikuwa nzuri.

"Mama Rwamba," Kathambi aliniita kutoka mlangoni pake, "mwambie msichana wako kimashine changu kinazunguka tu, kama mtu anayetafuta kiatu kimoja."

"Labda kimenusa dawa zako za kupe," nilimjibu. Lakini sikuwa na kicheko ndani yangu.

Jumanne ililala mara ya tatu. Rwamba alikuwa ameketi kando yangu simu ya Kailemia ilipoingia, na kwa vile mikono yake ilikuwa na grisi, aliiweka kwa sauti kubwa. Nilisikia yote.

"Bonasi ni Ijumaa," Kailemia alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Ushirika wamenipigia mara tatu. Ikilala tena Ijumaa, Rwamba, nitatafuta mtu mwingine wa upande wa Embu. Si kwa ubaya."

"Sawa, bosi."

Akazima simu, akapangusa mikono kidole kwa kidole. Mimi nilichochea moto usiohitaji kuchochewa. Nilimwona tena uani, na redio imenyamaza sikioni.

Jumatano aliendelea kupekua waya na hakupata kitu. Alilala kwangu. Alhamisi nikamwambia aje nami sokoni mapema. "Wewe huja saa sita kila mara," nilimwambia. "Mimi huiona ikiwa imelala. Hujawahi kuiona imelala."

Tukaketi wawili kwenye ukungu, blanketi moja magotini. Kulikuwa kumenyesha usiku kucha, na dunia ilikuwa ikidondoka matone, tone hapa, tone pale, kama watu wengi wanaonong'ona chini ya blanketi. Rwamba alivuka barabara, akatazama simu yake, akarudi.

"Nambari imeharibika kabisa," alisema. "Sijawahi kuiona hivi. Na sijagusa kitu."

Niliinama kuongeza kuni. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, cha kijivu, na mkato wa panga bado unaonekana mwishoni.

"Hizi ndizo za mwisho," nilisema, nikimwongelesha tu ili asikae na mawazo. "Zimenifaa muda mrefu. Nilizinunua kwa Mzee Gichovi wiki ile ulipokuja kufunga antena. Alikuwa amepogoa mikima yake."

Mikima ni ile miti mirefu tunayopanda mpakani. Kila mtu wa huku huikata matawi wakati wa kiangazi, ikabaki shina na kishungi kidogo juu, na sisi tukapata kuni. Hakuna anayefikiria. Ni kama kunyoa nywele.

Nilipoinua macho Rwamba alikuwa amesimama, akitazama nyuma ya ukuta wa ushirika, pale ukungu ulipokuwa ukifunguka. Mikima ya Gichovi ilikuwa safu nzima, mizito, kijani kibichi, kila jani limebeba maji. Huko nyuma ndiko ulikokuwa mnara. Hatukuweza kuuona.

"Mami, siku ile hii miti ilikuwaje?"

"Uchi. Kama nguzo za stima."

"Kwa hivyo niliipimia hewa tupu." Alisema polepole sana. "Majani yakilowa yanainywa sauti. Jua likitoka yanakauka, ndipo ninafika mimi."

Kuni zilizofungua ile njia nilikuwa nimezichoma mimi, kipande kwa kipande, nikipika nduma, miezi minane. Nilikitazama kile cha mwisho kikishika moto na nikaona kama nimeamshwa katikati ya usingizi.

Tukaenda kwa Gichovi. Alitupokea getini na koti la mvua, akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mama Rwamba, hiyo mikima imetoa maua. Na mizinga yangu miwili iko humo, nyuki wameingia juzi. Nikikata sasa watahama, na mimi nitabaki na mizinga mitupu."

"Baba, bonasi ni kesho," Rwamba alisema.

"Ni bonasi ya chai, binti yangu. Nyuki hawachumi chai." Akacheka kidogo, kisha akaona uso wake, akaacha. "Njooni mwezi wa pili. Nitawapogolea bure."

Mwezi wa pili Rwamba angekuwa ameshasahaulika. Tulirudi sokoni. Kufikia kibanda changu ukungu ulikuwa umepasuka upande wa chini, kama unavyofanya kila asubuhi kwa dakika chache, na nikafanya nilivyozoea bila kufikiri: nikageuka kutazama taa moja ya mbali.

"Unaangalia nini?" Rwamba akauliza.

Nikaona haya. "Kuna taa nyekundu kule chini, upande wa Karurumo. Iko kati ya paa la kiwanda cha kahawa na ukuta wa kanisa. Zamani nilidhani ni nyota. Siku nyingine huisalimu."

Alikuja akasimama nyuma yangu, kidevu karibu kikae begani mwangu, akafuata kidole changu. Mbali sana, mahali milima inapoisha na nchi kavu inapoanza kulala chini, ile taa iliwaka, ikazima, ikawaka.

"Huo ni mnara," alisema. "Lakini ni mbali mno. Sisi hufunga ulio karibu."

"Ni mbali, ndiyo. Lakini kutoka hapa mpaka pale, kuna nini katikati?"

Akatazama kwa muda mrefu. "Hakuna kitu," alisema.

Aliihamisha antena hadi kona ya ukuta, mahali panapotazama mteremko. Mimi nilishika ngazi kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa kazini. Aliniambia nisome nambari, na kwamba kadiri inavyopungua ndivyo inavyokuwa bora. Nambari nazijua. Juu yangu viatu vyake vilikuwa vikidondosha matope kwenye kitambaa changu cha kichwa.

"Mia moja na kumi na mbili," nilisoma.

Akageuza kidogo.

"Mia moja na tisa. Mia moja na tatu. Bado mia moja na tatu."

Kathambi alikuwa ametoka na kusimama mlangoni. Hakusema kitu, na kwake hiyo ni kama sala.

"Tisini na nane. Tisini na nne." Akageuza tena. "Tisini na moja. Imerudi tisini na tano."

Aligeuza nyuma upana wa ukucha.

"Themanini na tisa," nilisema, na maneno yaliyofuata hayakuwa yangu, yalinitoka kwa sauti ya mtu tuliyemzika. "Simama hapo hapo, usihame."

Rwamba alinitazama chini kutoka kwenye ngazi. Hakuhama. Akaanza kukaza skrubu.

Ijumaa mvua ilianza saa kumi na moja alfajiri na haikupumzika. Mikima ya Gichovi ilikuwa imeinama kwa maji. Foleni ilianzia ukutani ikapita duka la Kathambi, miavuli na mifuko ya nailoni vichwani, wanawake wa chai na mikono yenye madoa meusi ya utomvu. Rwamba alisimama kando yangu na hakutaka kuketi. Mtu wa kwanza akatia kadi.

Niliona swali likitoka. Safari hii halikwenda kuhangaika kwenye majani. Liligeuka, likateremka na barabara, juu ya kahawa, juu ya mapaa, likaenda zake katika hewa tupu hadi kwenye taa yangu. Lilikawia, au ni mimi niliyeona limekawia. Nilihesabu matone kwenye ukingo wa bati, nikafika saba.

Noti zikasuguana.

"Mama Rwamba," Kathambi aliita baadaye, akipeperusha karatasi ndogo ya risiti, "kiatu kimepatikana."

Saa nane, foleni ikiwa imekwisha, Kailemia alipiga simu. Rwamba aliisikiliza sikioni, hakuweka sauti kubwa, na mimi niliosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Jumatatu niende Ruiri. Mashine mbili mpya." Akatabasamu, macho yakiwa chini. "Na ameuliza ni nani alinionyesha mnara wa mbali."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni fundi wa Kianjokoma. Amesema nimpe namba yake."

Alipoondoka na pikipiki yake nilibaki nikiitazama ile kona ya ukuta. Halafu nikakumbuka. Nyuma ya kibanda nilikuwa na miche mitano ya mkima katika pakiti za maziwa, niliyoikuza tangu mwezi wa sita ili niipande hapa mbele inipe kivuli. Nilipima kwa macho: kutoka ukutani, kupita mbele ya kibanda, kushuka hadi kwenye pengo la kanisa. Ingekuja kusimama katikati kabisa ya njia hiyo.

Niliitia yote kwenye beseni, nikaibeba nyumbani kwa miguu, na kabla giza halijaingia nikawa nimeipanda bondeni, karibu na mto, mahali ambapo hata ikirefuka vipi haitafika juu.