Halbadiri ya Makumbi

Mama alikuwa wa kwanza kusema maji yamepata moto, na hilo ndilo lililomponza.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sitini, kijijini kwetu pwani ya Micheweni, siku ambazo watu walichunguzana kwa ajili ya vyama vya siasa mpaka kwenye maziko. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, hatua chache kutoka kwetu. Mama yangu na mama mkwe walifukia makumbi pamoja tangu usichana wao. Makumbi ya nazi huzikwa kwenye tope la pwani yakalainika, kisha hupondwa kutoa usumba wa kusokotea kamba. Kwetu yalifukiwa kipupwe na kufukuliwa masika yakimalizika, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwaka ule mguu wa mama ulikuwa umevimba, hawezi kwenda mbali. Akaomba wafukie karibu, kwenye kidimbwi kinachobaki na maji bahari ikishatoka. Mama mkwe alikubali, lakini alimtazama sana. Ndivyo alivyokuwa, hata chumvi ya jirani huionja kwanza.

Kaskazi ilipokolea mama alirudi kutoka pwani amekunja uso.

"Mwanangu, yano maji si ya kawaida. Miye n'natia miguu humu tangu mtoto, sijaona moto kama huno."

Akafukua yake mapema yasije yakaoza kwa moto ule, yakatoka mazuri. Kisha akaenda mwenyewe, akichechemea, kumshauri mwenzake afukue. Mama mkwe alimngoja aondoke, akanigeukia.

"Mama'ko ataka n'toe mabichi niaibike. Ana lake jambo."

"Maji yana moto kweli, mama."

"Bahari si chungu cha uji. Kaikokea moto nani?"

Akayaacha mpaka masika yakaisha. Yalipotoka yalikuwa meusi, na usumba ukikatika kwa kuvutwa na vidole. Alikaa palepale topeni akapiga kelele mpaka wanawake wote wa pwani wakaja. Shimo kwa shimo, tope moja, ya mwenziwe mazuri na yake uozo! Nani aliyechagua kidimbwi? Nani aliyefukua mwanzo, akiwa peke yake? Nilimwona kila mmoja akijijibu kimoyomoyo kwamba mama kaiba mazuri ya mwenziwe akamwachia mabovu, na nilitamani kuwatwanga kwa mchi.

Jioni mama mkwe akasema atasomesha Halbadiri, kisomo cha kumlaani aliyekudhulumu. Mwenye kosa hakimwachi, huvimba, akafa. Nilimpigia magoti.

"Mama, mguu wake umevimba tangu kipupwe. Nyote mwaujua. Mkisoma, watu watasema nini?"

"Kama hakutenda, aogopa nini?"

Ikasomwa Ijumaa. Haukupita muda nikasikia kisimani, "Imemkamata." Aliyesema alikuwa amemletea mama majani ya kukandia mguu uleule, kabla hata makumbi hayajaoza. Nilimkumbusha. Akafunga kamba ya ndoo yake.

Kaskazi iliyofuata nilimwona mama mkwe amesimama peke yake kidimbwini. Alitumbukiza mguu, akautoa upesi, akatazama kulia na kushoto. Hakuniona. Siku ile ile alikwenda kwenye shimo lake jipya, mbali kule, akafukua makumbi yote kabla ya masika. Nilingoja aseme neno. Nilimpakulia chakula, nikamtilia maji ya kunawa, nikangoja. Alisema mchuzi umepungua ndimu.

Mama alifariki mwaka huo. Alipokuwa akioshwa, wawili kati ya waoshaji walikuwa wakiutazama mguu wake na kutazamana. Niliuvutia shuka nikaufunika.

Siku hizi wanawake wa hapa hufukua mapema, na hakuna anayeitwa mwizi. Mjukuu wangu, mwalimu, ameniambia bahari inaongezeka joto miaka mingi sasa, na watu wanaipima. Mimi siamini kila kinachopimwa, lakini nilimuuliza, hata mwaka ule? Hata kidimbwini pale? Akasema hilo hawezi kulijua, pengine lilikuwa jua la kaskazi tu na maji machache.

"Basi niandikie hilohilo la jua," nikamwambia, "nikalisome kisimani."

Alicheka, akidhani natania. Wale wa kisimani wameshakufa wote, na walikufa wakimjua mama kuwa mwizi.