Picha mia tisa za gari, hakuna hata moja ya Stamili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kitangari. Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mikorosho, na Swalehe Nampota amepiga goti kwenye vumbi jekundu mbele ya gari lake. Mkono mmoja ameshika simu, mwingine kitambaa chenye unyevu. Anafuta mlango wa kushoto, anarudi nyuma hatua sita, anachuchumaa.

Gari ni jeusi, la milango miwili, limekaa chini karibu na ardhi. Ni gari la michezo lililotoka Japani, na watu wa hapa wanaliita spoti. Mbele linang'aa. Ukizunguka nyuma utakuta magurudumu hayapo. Limekalia mawe na gogo la mkorosho.

Jirani yake, Zabroni, anatokea akisukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji. Akiona simu imeinuliwa, anasimama pembeni, nje ya picha, kama mtaa mzima ulivyozoea kufanya kwa miaka.

"Pita tu, mzee," Swalehe anamwambia.

"Nitakuharibia."

"Pita. Pita polepole."

Zabroni anapita. Swalehe anapiga picha, na gari, baiskeli, madumu na mzee vyote vinaingia. Haangalii imetokaje. Anaweka simu mfukoni na kukaa kwenye jiwe.

Swalehe ana miaka 34 na anaishi kwa kupiga picha. Ana banda la mabati karibu na soko. Picha nne za pasipoti anatoza shilingi 3,000. Ukitaka kusimama na spoti ni 2,000, pamoja na kazi ya kuisafisha picha kwenye simu. Siku nzuri anapata 15,000. Siku nyingi hazifiki 6,000.

Kazi huwa nyingi watoto wanapotoka jandoni na unyagoni. Wazazi huwaleta wakiwa na nguo mpya na miwani myeusi, wakapangwa ubavuni mwa gari. Swalehe akiingia kwenye simu, mawe yanatoka, magurudumu yanarudi, na vumbi linakuwa lami. Mtoto anaonekana kama amesimama kwenye barabara ya mji mkubwa.

Kuondoa na kuweka vitu kwenye picha ndiyo kazi iliyompa jina. Na kazi hiyo hiyo, anasema, ndiyo iliyomwachia mtoto asiyeijua sura ya mama yake.

Gari alilinunua msimu ule korosho ilipopanda bei. Alikuwa amerithi mikorosho ya baba yake, akauza mavuno yote, akaenda kulichukua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Aliliendesha mwenyewe mpaka Masasi, akapanda nalo Newala, halafu Kitangari. Watoto walilikimbilia njia nzima. Mkewe, Stamili, alikuwa mlangoni na unga mikononi. Alilizunguka mara moja, kisha akauliza mizigo inakaa wapi.

Tangu siku hiyo aliliita mke mwenzake. Swalehe akitoka nje asubuhi, Stamili alimuuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?"

Kuosha gari Kitangari si jambo dogo. Maji ya bomba yakikatika, watu huyafuata bondeni, na ndoo moja ni safari ya kushuka na kupanda. Stamili aliondoka kabla ya jua. Akirudi, nusu ndoo ilikwenda kwenye gari. Majirani walisema. Yeye mwenyewe alisema pia, lakini kwa kucheka, kwamba mke mwenzake anaoga kabla ya mtoto.

Swalehe alitaka picha za saa ile ile, jua likiwa chini na gari likiwa bado bichi kwa maji. Alizituma kwenye kundi la mtandaoni la wapenzi wa magari ya spoti, watu wa mikoa yote. Kwa kuwa Stamili ndiye aliyekuwa amemaliza kumwaga maji, mara nyingi aliingia kwenye picha, ndoo kichwani au mkononi.

Siku moja mtu kwenye kundi aliandika kwamba gari ni zuri, ila huyo mama mwenye ndoo anauza maji bei gani. Kundi zima likacheka.

"Niliona aibu," Swalehe anasema. "Sikuona aibu kwa ajili yake. Niliona aibu kwa ajili yangu, kwamba sasa wamejua tunakaa wapi."

Usiku huo alipakua programu ya kufuta vitu. Anaonyesha jinsi inavyofanya kazi. Unapaka kidole juu ya mtu, anageuka mwekundu. Unasubiri kidogo. Mtu hayupo, na pale alipokuwa pana ukuta na vumbi, kana kwamba hakupita mtu.

Picha ya kwanza alimwonyesha mkewe.

"Na mimi niko wapi?" Stamili aliuliza.

"Nimekutoa. Ndoo iliharibu picha."

Stamili aliiangalia tena. "Basi kesho maji akachote aliyebaki."

Kesho yake alikwenda kuchota mwenyewe.

Ikawa hivyo kwa miaka. Swalehe alipiga, alifuta, alituma. Simu ilipojaa, alifuta picha za asili na kubakiza zilizosafishwa, kwa sababu ndizo nzuri. Leo ana picha 912 za gari. Amezihesabu zaidi ya mara moja, akitafuta.

Stamili alifariki miaka mitatu iliyopita, baada ya kuugua siku tano. Alikuwa na miaka 25. Msibani watu walinong'ona, na gari je? Gari lilikuwa pale pale nje, injini imekufa mwaka mzima. Mgonjwa alipelekwa hospitali kwa gari la kukodi lililokuwa limebeba magunia.

Siku ya arobaini, mama yake Stamili, Bibi Kibibi, aliomba jambo moja. Alitaka picha ya mwanawe akae nayo. Swalehe alimwambia hakuna shida, kesho angemletea. Aliingia kwenye banda, akafungua simu, akaanza kushusha kidole.

"Gari, gari, gari," anasema. "Nilifika mwisho nikaanza upya. Nilidhani nimeruka."

Picha za ndoa zilikuwa kwenye simu ya zamani iliyotumbukia ndani ya pipa la maji. Kadi ya mpiga kura ya Stamili ilikuwa kwenye pochi, na pochi haikurudi kutoka kwenye safari ile ya mwisho. Swalehe aliwapigia ndugu, mashoga wa Stamili, hata fundi cherehani wake. Walimkumbuka wote. Picha hakuna aliyekuwa nayo. Kila mmoja alisema kitu kile kile, kwamba walidhani anazo yeye, si ndiye mpiga picha.

Mtoto wao, Bimdogo, alikuwa na miaka mitatu wakati huo. Sasa ana sita na ameanza shule. Mwaka jana aliuliza mama alikuwaje. Swalehe alimwambia alikuwa mweupe kidogo, mwenye mwanya, mrefu kuliko baba kwa vidole viwili. Mtoto alisikiliza, kisha akauliza tena, "Lakini alikuwaje?"

Ni Bimdogo huyo huyo aliyemwona.

Kwenye ukuta wa banda kuna picha kubwa ya gari, iliyochapishwa Masasi miaka sita iliyopita kwa ajili ya kuvutia wateja. Mamia ya watu wamekaa chini yake wakisubiri zamu. Jioni moja Bimdogo alikuwa amesimama juu ya benchi, pua karibu na karatasi.

"Baba, huyu aliyebeba ndoo ndani ya mlango ni nani?"

Swalehe alikuwa amemfuta Stamili kwenye picha ile. Alikuwa amefuta hata kivuli chake chini. Lakini mlango ulikuwa mbichi, umeng'arishwa, na ndani ya weusi wake Stamili alikuwa amebaki, amepinda kidogo kwa sababu bati limepinda, ndoo kichwani, mkono mmoja juu.

Uso wake ni mdogo kuliko punje ya mchele. Ukiukaribia unageuka madoa.

"Nilikaa chini," anasema. "Mtoto akaniuliza kama naumwa."

Aliibandua picha na kwenda nayo Masasi kwa Ashraf, kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapisha. Ashraf aliikuza, akatikisa kichwa, akamwambia ipo programu mpya inayoweza kumalizia mahali ambapo macho hayaoni. Ilichukua muda wa kunywa chai. Uso ulitokea wa mwanamke mzuri, meno yamepangika, ngozi laini. Swalehe aliutazama kwa muda mrefu. Hakuwa na uhakika.

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema. "Sikuweza kusema ni yeye. Na sikuweza kusema si yeye."

Aliichapisha. Alirudi nayo nyumbani jioni, na kabla hajajua la kufanya, Bimdogo alikuwa ameishika. Siku hiyo mtoto alilala nayo. Asubuhi aliipeleka shuleni kuwaonyesha wenzake mama yake.

Jumamosi yake Bibi Kibibi alikuja kuwatembelea. Bimdogo alimkimbilia na picha. Bibi aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akamrudishia mjukuu kwa adabu kama mtu anayerudisha kitu cha wageni.

"Mkwe wangu," alimwambia Swalehe mtoto alipotoka, "huyu ni mtoto wa nani?"

Bibi Kibibi alimweleza kuwa Stamili alikuwa na mwanya, na jicho la kulia lilikuwa dogo kidogo kuliko la kushoto tangu kuzaliwa. Jicho lile Swalehe alikuwa amelisahau.

Alimnyang'anya mtoto picha ile usiku huo, akaichana. Bimdogo hakulia siku mama yake alipozikwa, kwa sababu alikuwa mdogo, alikuwa akicheza na watoto wa wageni. Alilia siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Mpaka leo akikasirika humwambia baba yake, "Wewe ulimchana mama."

Tangu hapo Swalehe hafuti mtu kwenye picha. Mawe atatoa, magurudumu ataweka, mtu hapana. Kanuni hiyo imempunguzia wateja, kwa sababu kijana wa upande wa pili wa soko anafuta chochote kwa shilingi 500.

Saa nne asubuhi hiyo hiyo anafika Oliva, msichana wa miaka 22 kutoka Lulindi, aliyekuja kupiga picha za uchumba. Amevaa gauni la kijani. Anasalimia, shikamoo, anaitikiwa marahaba. Swalehe anampiga picha saba ubavuni mwa gari. Oliva anaziangalia na kuchagua moja.

"Hii, kaka. Ila huyu bibi nyuma umtoe."

Nyuma, kwenye kivuli cha nyumba ya Zabroni, kikongwe amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, viatu amevivua.

"Ni nani wako?"

"Bibi yangu mzaa mama. Amenisindikiza, miguu inamuuma."

"Unayo picha yake nyingine?"

Oliva anacheka. "Ya nini? Si yupo hapo."

"Na wangu alikuwa hapo hapo," Swalehe anasema.

Msichana haelewi, na Swalehe hamwelezi. Anamtumia picha ilivyo na kupunguza bei. Oliva anashukuru, anakaa kwenye mkeka karibu na bibi yake, anainamia simu. Kidole chake kinapaka, kinapaka tena. Bibi anamuuliza anaandika nini. Anajibu haandiki kitu.

Swalehe anamwona. Anageuka na kuanza kufuta mlango ambao tayari ni msafi.

Wanunuzi wa chuma chakavu kutoka Masasi wameshakuja mara tatu. Mara ya mwisho walitaja shilingi 700,000, na Bimdogo anahitaji viatu na sare. Majirani wanasema bado analipenda gari kuliko watu. Zabroni alimwambia usoni, kwamba mke mkubwa amekufa na huyu mdogo hapiki wala hatembei, amweke wa nini.

"Silipendi," Swalehe anasema. "Nikiliangalia natamani kulipiga jiwe. Lakini ndiko alikobaki. Nikiliuza, watalikatakata."

Anajua alichosema hakina maana. Mlango haukumbuki kitu. Kila asubuhi anaufuta na kuutazama, na aliyemo ni yeye mwenyewe, na nyuma yake mikorosho.

Kinachomtisha zaidi sasa ni kwamba na yeye anasahau. Zamani akifumba macho alimwona Stamili mzima. Siku hizi ikimjia sura, hajui kama ni yake au ni ile ya kompyuta. Amejaribu kuifikiria ndoo ya mkononi kwanza, halafu mkono, halafu apande polepole. Mara nyingi anaishia shingoni.

Amebaki na mpango mmoja, ambao Bibi Kibibi ndiye aliyempa bila kujua. Miezi miwili iliyopita bibi alikuwa akimsuka Bimdogo, akamshika kidevu na kusema jicho hili la kulia ni la mama yake, na meno yakishaota yote, mwanya utakuwa ule ule.

Kwa hiyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kabla ya shule, Swalehe humsimamisha Bimdogo pale alipokuwa akisimama Stamili, mbele ya mlango uliomwagiwa nusu ndoo. Anapiga picha moja. Hagusi kitu. Akitokea mbuzi, anabaki mbuzi. Akitokea Zabroni na madumu yake, anabaki. Amekwishapiga mbili.

Amepiga hesabu. Bimdogo atafikisha miaka 25, umri aliokufa nao mama yake, baada ya miaka kumi na tisa. Swalehe atakuwa na 53. Simu hii haitakuwepo, na gari huenda litakuwa limeliwa na kutu.

"Siku hiyo nitamwita mama mkwe kama bado yupo," anasema. "Nitamwonyesha picha, nimuulize ni yeye? Yeye akisema ndiye, nitamwambia Bimdogo, mama yako alikuwa hivi."

Na kama Bibi Kibibi hatakuwepo siku hiyo?

Swalehe anaukunja ukingo wa kitambaa, anaukunjua.

"Basi hatakuwepo wa kumuuliza," anasema. "Mimi sitakuwa najua."