Jinsi loyalty pledge ilivyotaka kutuvunja Wakenya wa mtaani kwetu hapa Muscat

Wakuu, salamu kutoka Muscat, ambako joto halijui kubisha hodi.

Haya ninayowaletea nilikuwemo mwenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana bado tunaishi mtaa mmoja.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kakamega, fundi wa AC kwenye kiwanda kimoja pale Rusayl. Naishi Darsait na mke wangu na binti yetu Joy. Watanzania mtanivumilia, Kiswahili changu kilipitia Kakamega kabla ya kufika hapa.

Wakenya wa mtaani tuna chama chetu kidogo. Mtu akifiwa tunakaa naye, mtu akijifungua tunampikia, na sikukuu ya taifa ikifika tunakodi ukumbi.

Safari hii tukaona aibu. Watoto wetu wanajua Kiingereza na Kiarabu, chapati wanaiita khubz, lakini ukiwauliza habari za Kenya wanakuonyesha picha ya simba kwenye simu.

Tukaamua wasimame mbele siku ya sherehe, mkono kifuani, waseme loyalty pledge.

Kwa wasiojua: hicho ni kiapo cha uaminifu kwa nchi. Enzi zetu shuleni tulikisema kwenye parade ya asubuhi, Jumatatu na Ijumaa, bendera ikipanda. Ukikosea mstari, mwalimu wa zamu alikukumbusha kwa njia zake.

Kiongozi wa watoto hakuwa na mpinzani. Ni Rukia, mtoto wa jirani yetu Mwanaisha, watu wa Likoni, Mombasa. Ana sauti na haogopi watu. Joy wangu alijaribu, akasahau baada ya maneno matatu akaanza kucheka. Nampenda, lakini ukweli ni ukweli.

Basi chairman wetu, mzee mmoja wa Nyeri, akatuma maneno ya pledge kwenye group kama alivyoyakumbuka. Niwaambie mapema, huyu mzee ni mtu mwema. Nilipofika nchi hii bila kumjua mtu, yeye ndiye aliyekuja kunichukua airport.

Mwisho wa pledge yake kulikuwa na maneno haya: "kwa neema ya Bwana wetu Yesu Kristo."

Wengi wetu ni Wakristo. Maneno yalipita kama maji, emoji za dole gumba zikamiminika.

Jioni ile Mwanaisha akabisha mlangoni.

"Baba Joy, mie sina vita na mtu," akasema. "Nabii Issa twamheshimu. Lakini mwanangu hawezi kusimama mbele za watu akamwita Bwana wake. Yatoeni maneno hayo, ama mtafute mtoto mwengine."

Nikampigia chairman, nikidhani ni jambo la dakika mbili.

"Hapana," akasema. "Hiyo pledge nimeisema hivyo tangu darasa la kwanza. Wacha nikuulize, tukimtoa Mungu leo, kesho tutatoa nini?"

Wakuu, hapo sikumwona mtu mbaya. Nilimwona mzee aliyekaa ugenini miaka mingi, anashikilia kile kidogo alichotoka nacho nyumbani.

Lakini group nalo lilishawaka. Mmoja akaandika kwamba asiyetaka akae kwake. Mwanaisha akasoma, akatoka kwenye group. Rukia naye hakuonekana tena kwetu kucheza na Joy.

Siku moja tunakula, Joy akaniuliza, "Daddy, kwani Rukia si Mkenya?"

Niliacha kula. Iliniuma sana.

Nitoke nje ya mada kidogo. Kazini, siku ya taifa la Oman, tunakusanyika uwanjani. Wenzangu Waomani wanasema maneno yao ya nchi, na Mwenyezi Mungu yumo kwa namna wanavyomjua wao. Mimi navua kofia, nasimama kwa adabu, nanyamaza. Foreman wangu hajawahi kuniuliza kwa nini sifungui mdomo. Ni nchi yao, mimi ni mgeni, na hiyo ni sawa.

Sasa mtoto wa Likoni atanyamaza akiwa mgeni wa nani? Kenya si ni yake kama ilivyo yangu?

Hilo ndilo nililokwenda nalo kwenye kikao, nyumbani kwa chairman kule Mabela. Ilikuwa Ijumaa, maana hapa ndiyo siku ya mapumziko, hata kanisani tunakwenda Ijumaa. Mwanaisha nilimbembeleza sana mpaka akakubali kuja na mumewe, Athumani.

Nikasema yangu. Chairman akasema yake. Sauti zikaanza kupanda.

Ndipo Kemunto, nesi, mtu wa Kisii, akaingilia. "Chairman, hata mimi nashangaa. Hayo maneno ya mwisho siyo. Sisi tulikuwa tunamalizia na 'Mungu Baba atubariki'."

"Wapi! Simameni tuiseme," chairman akasema.

Tukasimama, watu wazima na vitambi vyetu, mikono kifuani. Tukaanza.

Wakuu, mwili ulinisisimka. Rais, taifa, bendera, kujitolea kujenga nchi, yote sauti moja. Mtu wa Nyeri, wa Likoni, wa Kisii, wa Kakamega, hakuna aliyekosea neno.

Tulipofika mwisho tukatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Chairman akaenda na Bwana wetu Yesu Kristo. Kemunto akaenda na Mungu Baba. Waliosoma kwa masista wakapiga ishara ya msalaba. Mwanaisha na Athumani wakainua viganja wakaleta dua. Mimi nilijikuta katikati ya Baba Yetu.

Tukabaki kutazamana.

Kemunto akatoa simu akatafuta maneno rasmi, akasoma polepole. Akarudia. Mungu hakutajwa popote. Wala Yesu, wala dua.

Nadhani mmeshaelewa. Parade ya Kenya, pledge ikiisha, mwalimu anaunganisha na sala pale pale bila kupumua, kila shule na sala yake. Sisi watoto tukameza vyote kama kitu kimoja. Tumezeeka navyo, na kila mmoja yuko tayari kugombana kwamba ndivyo serikali ilivyoandika.

Chairman akavua miwani. Kisha akasema, "Kumbe ni Mwalimu Wambui wa darasa la kwanza. Miaka yote hii nafikiri ni serikali, kumbe ni Mwalimu Wambui ndiye aliyeniwekea."

Akafuta miwani yake. Hakuna aliyemcheka.

Tukakubaliana watoto waishie pale sauti zetu zilipokuwa moja, halafu ukumbi unyamaze kidogo, kila mtu aombe kwa imani yake.

"Lakini mimi moyoni sinyamazi," chairman akasema.

"Moyoni nani kakwambia unyamaze, baba?" Mwanaisha akamjibu.

Siku ya sherehe Rukia alisimama na mic, wenzake nyuma yake, Joy akiwa wa tatu kushoto. Wakaisema yote bila kukosea. Ukumbi ukanyamaza.

Chairman akasahau. Mazoea yana nguvu. Akapasua ule ukimya: "AMEN!"

Rukia naye amekulia kwenye nyumba ambayo dua haiachwi bila kuitikiwa. Akasogeza mic mdomoni, akaitikia kwa adabu zote: "Amin."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwanaisha alicheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na chairman akaenda mwenyewe mpaka alipokaa mama huyo, akampa mkono.

Nilichojifunza: kiapo cha nchi kibaki na yale ambayo mtoto wa jirani anaweza kuyasema kwa sauti kubwa kama mtoto wako. Mungu hapungukiwi kitu. Kila mmoja wetu alishampeleka mwenyewe pale ukumbini, moyoni mwake.

Karibuni mchangie. Na nyie mliosimama parade za zamani, kwenu mlimalizia na maneno gani? Semeni kwanza, ndipo mgoogle.