Nilipokipeleka Kihisi cha Roketi Akheri

Mwaka wa pili chuoni, mjini Arusha, niliingia kwenye kikundi cha wanafunzi wanne waliokuwa wakitengeneza roketi ndogo. Ukiisimamisha ilimfika mtu kiunoni. Wenzangu waligawana bomba, mabawa na parachuti la kuishusha. Mimi nilipewa kihisi cha presha, kidude kidogo kuliko ukucha, kilichobandikwa kwenye kibao cha umeme chenye betri.

Kazi yake haikuwa ngumu kueleza. Kadiri unavyokwenda juu, presha ya hewa hushuka. Roketi ikimaliza kupanda na kuanza kuanguka, presha huanza kuongezeka tena. Kihisi kinatakiwa kigundue mgeuko huo na kuamuru parachuti litoke. Kikiwahi, parachuti linachanika. Kikichelewa, roketi inajikita ardhini.

Siku ya kwanza tulipokiwasha, roketi ilikuwa imelazwa juu ya meza ya karakana. Upepo ukabamiza mlango. Parachuti likafyatuka na kutua kwenye kikombe cha chai cha mwalimu wetu. Mlango ulikuwa umesukuma hewa ya chumba, na kihisi kikadhani roketi inaanguka.

"Hiki kidude chako kina wasiwasi kuliko mama yangu," alisema mwenzangu aliyeshughulikia parachuti. Alikuwa msichana wa mtaa wa Daraja Mbili, na mama yake, fundi cherehani, ndiye aliyelishona kwa kitambaa cha mwavuli.

Mwalimu alifuta meza. Hakukasirika.

"Kipeleke mahali penye mwinuko," aliniambia. "Panda nacho, shuka nacho. Kijue kabla hujakiamini."

Kwetu ni Akheri. Kutoka mjini barabara inateremka mpaka Tengeru, halafu unaiacha lami na kupanda kuelekea Mlima Meru. Jumamosi nilishukia Tengeru, nikapanda kwa miguu nikiwa nimekishika kihisi mkononi, namba zake nikizitazama kwenye simu. Zilishuka kadiri nilivyopanda, lakini hazikutulia. Upepo ukivuma, ziliruka. Lori likinipita, ziliruka tena.

Nilimkuta baba akikata majani makavu ya migomba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu, na tangu mama afariki alikuwa akiishi peke yake. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza nimebeba nini.

"Kihisi cha presha, baba. Cha roketi."

Alikitazama, akaweka panga chini, akakunja mkono wa shati.

"Haya, nipime."

Nilicheka. Nikamweleza kwamba kile kinapima hewa, hakipimi watu. Alisikiliza mpaka mwisho, nadhani kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake, kisha akasema, "Sawa," akainama kuchukua panga. Alipoinuka alishika mgomba, akasimama hapo kidogo.

"Baba, kwa nini unataka kupimwa?"

"Kichwa. Nikiamka kinakuwa kizito."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopanda mahindi."

Mahindi yalikuwa yameshaanza kubeba.

"Na hukwenda zahanati?"

"Nikienda wataniambia naumwa."

Sikubishana naye. Nilikaa mpaka Jumatatu, nikakosa vipindi, nikaenda naye. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasoma.

"Mzee, umekuja kwa miguu?"

"Ndiyo."

"Kaa kwanza upumzike. Usiongee. Kipimo kimoja hakitoshi, nitarudia."

Alirudia, akarudia tena. Presha ilikuwa juu kila mara. Baba akapewa dawa za kunywa kila siku na kukatazwa chumvi nyingi. Tulipofika nyumbani akanigeukia.

"Umeona? Nimekwenda mzima, nimerudi mgonjwa."

Nilimpikia mchicha wa chumvi kidogo. Alikula nusu. Nikaosha vyombo, nikarudi mjini.

Chuoni nilibadilisha maelekezo ya kihisi. Kisiamini kipimo kimoja. Kisubiri kadhaa vinavyokubaliana. Tulitoboa matundu madogo kwenye bomba ili hewa ya nje iingie taratibu. Siwezi kusema muuguzi ndiye aliyenifundisha. Mwalimu alikuwa ameshalitaja jambo hilo, ila sikumsikiliza vizuri. Tuliubamiza mlango wa karakana mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kulalamika. Parachuti halikutoka. Kisha tukakifungia kihisi ndani ya chupa, tukainyonya hewa kwa bomba la sindano, tukairudisha polepole. Hapo kikatoa amri.

Tuliirusha roketi kwenye uwanda mkavu, upande wa pili wa Meru. Mwalimu ndiye aliyeomba kibali na ndiye aliyewasha. Roketi ilipanda kwa mluzi, ikawa nukta. Parachuti likafunguka mahali hasa lilipotakiwa. Halafu kamba moja ikachomoka, roketi ikaanza kuzunguka, ikaangukia kwenye mgunga na kuvunjika bawa.

Tulishangilia hivyo hivyo, isipokuwa yule msichana wa Daraja Mbili.

"Ile kamba niliifunga mimi," alisema. "Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie kitambaa hakikuchanika."

Jibu langu halikumsaidia. Alikwenda mwenyewe kulinasua parachuti, akarudi mikono imechubuliwa na miiba, akakataa chapati tulizobeba. Mimi nilikula zangu huku nikisoma kumbukumbu za kihisi. Zilikuwa nzima: mstari unashuka bila kutetereka, kisha unageuka.

Nilimsimulia baba nilipokwenda nyumbani.

"Ilivuka kilele cha mlima?" aliuliza.

"Hapana. Haikukaribia hata robo."

"Basi bado," akasema, akaniomba nimshikie ngazi afunge bati lililolegea.

Sasa nafanya kazi mjini, nakaa Elerai. Masika fulani baba aliacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri, akaanguka shambani kwenye mibuni. Jirani ndiye aliyemwokota. Mkono wake wa kushoto umekuwa mzito tangu wakati huo, na panga halishiki tena. Nampigia simu kila asubuhi.

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

Sina namna ya kujua. Ananieleza habari za mvua na za majirani, ananiuliza nimekula nini, nami nakwenda kazini.