Waya Uliopita Dirishani

Fundi umeme aliyekuja kupima nyumba yetu alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nisimsikilize. Mke wangu alikuwa ameagiza kigari cha umeme, kimetumika Japani. Ananunua mchele kwao Kamsamba, anauuza hapa Tunduma na ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, na alikuwa amechoka kuona faida yote ikiishia kituo cha mafuta. Gari lilifika jeupe, dogo, kimya mpaka mbuzi wa jirani hawalisikii likija. Kilichobaki kilikuwa mahali pa kulichajia.

Binti yule alifungua sanduku la meni swichi lililopo kwenye korido, nyuma ya pazia, akamulika na simu, akazifuatilia nyaya moja moja kwa mwanga.

"Mwalimu, nani aliwafungia umeme humu?"

"Fundi mmoja wa zamani. Alishahama."

"Sioni waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, unakokwenda."

Akanieleza kwamba gari si pasi, linavuta umeme mwingi kwa saa nyingi bila kupumzika. Linataka waya wake mnene kutoka meni swichi, swichi yake inayokata umeme ukivuja, na fimbo ya shaba ipigiliwe chini ardhini. Aliandika yote kwenye karatasi, akaweka jumla. Ilikaribia bei ya ng'ombe wawili wa Kamsamba.

Nilicheka. "Binti yangu, gari tumeshanunua. Unataka tulinunue tena?"

"Waya ndio ghali, mwalimu. Ufundi wangu ni huo mstari wa mwisho."

Nikamshukuru, nikamsindikiza getini. Mke wangu aliporudi kutoka sokoni aliuliza fundi amesemaje. Nikamwambia amesema tunaweza kungoja kidogo, nyumba inatosha kwa kuanzia. Uongo wenyewe ulinitoka kirahisi tu, kama mtu anayesema ameshakula.

Kesho yake nilinunua waya wa kawaida. Haukufika, nikauunga na mwingine kwa utepe mweusi, nikauchomeka kwenye soketi ya jikoni na kuupitisha kati ya nondo za dirisha mpaka uani. Gari likawaka taa. Nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu nilisikia harufu jikoni, kama kitana cha plastiki kilichoangukia mkaa. Plagi ilikuwa ya moto, upande mmoja umegeuka kahawia. Nikanunua plagi mpya na ile iliyoungua nikaitupa shimo la taka bila kumwambia mtu. Siku chache baadaye, asubuhi, nilishika nondo ya dirisha nikasikia kitu kikitembea vidoleni kama sisimizi. Nilijiambia ni baridi. Mtaa wetu wa Chapwa una baridi, ni kweli, lakini baridi haitembei.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa hofu. Nilipokuwa darasani, king'ora chochote barabarani kilinifanya nisimamishe chaki. Nikirudi, kitu cha kwanza niligusa ukuta wa jikoni kwa kiganja, kama mzazi anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Ningeweza kuuchomoa ule waya. Lakini ningesema nini? Ningelazimika kutoa ile karatasi ya fundi, na uongo wangu pamoja nayo. Kwa hiyo niliendelea kuogopa, na waya ukaendelea kupita dirishani.

Ndipo mama mkwe akaja kupumzika baada ya mavuno ya mpunga. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawashikani mikono. Tunasalimiana kwa mbali, macho chini, wala hatukai benchi moja. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliniita mkwe na sikuwahi kumgusa hata kidole.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Mama mkwe alikuwa anafua. Waya wa kuanikia nguo ulikuwa umefungwa kwenye nondo za dirisha la jikoni, upande wa pili kwenye nguzo, tangu tuhamie. Sikulifikiria hilo hata mara moja. Niliyafikiria mengine yote, moto, paa, mitungi ya gesi, lakini si hilo.

Nilichosikia hakikuwa kelele. Kilikuwa mngurumo, kama wa mtu anayenyanyua gunia zito. Nikainua kichwa. Mama mkwe alikuwa amesimama pekupeku kwenye maji ya sabuni, mikono yote miwili imekamata waya na shuka lililolowa, mwili mzima unatetemeka, na macho yake yananitazama mimi.

Mke wangu alitoka jikoni na ndoo, akaona, akaitupa, akakimbia.

"Usimguse!" nilipiga kelele.

Hakusikia. Nilimfikia zikiwa zimebaki hatua mbili amshike mama yake, nikamkamata kiunoni na kumtupa chini kwenye tope.

"Unamwacha mama yangu afe!" alilia, akijaribu kuinuka.

"Usimguse, utakufa na wewe!"

Nikakimbilia ndani. Korido ile ni fupi, hatua saba au nane, lakini siku ile haikuisha. Pazia lilinifunika uso. Vidole vyangu havikuipata swichi. Nilipapasa sanduku zima kama kipofu. Nilipoivuta, friji ikanyamaza, na nje nikasikia kitu kikianguka.

Nitasema ukweli wote. Sikutoka mara moja. Nilisimama pale mkono ukiwa bado kwenye sanduku, kwa sababu maadamu sijaona, alikuwa bado mzima. Sijui nilikaa kiasi gani. Mke wangu aliponiita, hakuniita mume wangu wala baba watoto. Aliniita, "Mwalimu! Mwalimu!" kama mgeni.

Mama alikuwa anapumua. Viganja vyake vilikuwa na mstari mweupe ulioungua, na midomo ilikuwa rangi ya majivu. Nilipitisha mikono kwapani mwake nikamwinua, mimi ambaye sikuwahi kumpa mkono. Nikaelekea kwenye gari letu, lililokuwa karibu na dirisha, waya bado umechomekwa.

"Si hilo!" mke wangu alisema. "Usimweke mama kwenye hilo."

Jirani alitoa pikapu yake. Njia nzima mke wangu alikuwa ameuweka mkono kifuani kwa mama yake, na kila gari liliporuka shimo aliuliza, "Mama, upo?" Naye alijibu kwa Kinamwanga, kwa sauti ndogo, kwamba yupo.

Hospitali daktari alimsikiliza moyo mara nyingi, akaagiza alale pale waendelee kumwangalia. Siku ya pili mke wangu alitoka kwenda kutafuta uji. Mimi nilisimama mlangoni mwa wodi, kama inavyopasa. Mama alinitazama, safari hii bila kuinamisha macho.

"Mkwe," alisema, "ulijua?"

 Ningeweza kusema sikujua. Hakuna ambaye angenibishia.

"Nilijua plagi inapata moto, mama. Na nondo nilipoishika, nilisikia umeme unatembea mkononi."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani amemaliza.

"Basi mwambie mwanangu. Mwambie wewe mwenyewe."

Nilimwambia pale nje, bakuli la uji likiwa mkononi mwake. Karatasi ya fundi, plagi niliyoitupa shimoni, sisimizi.  Aliingia akamlisha mama yake, akatoka, akachukua simu akampigia yule binti.

Fundi alichimba pembeni ya ukuta, pale waya wa ethi ulipoingia ardhini. Hakuhitaji jembe sana. Aliuvuta kwa mkono mmoja ukatoka wote, urefu wa mkono wangu, mwishoni haukufungwa kwenye kitu chochote. Akauinua nione. Nilifikiria watoto wetu wote waliokulia pale, pasi, friji, redio, miguu yao midogo yenye maji kwenye sakafu ya saruji. Nikakaa chini kwenye tofali.

Gharama sasa ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, maana nyaya za jikoni zilikuwa zimeungua ndani ya ukuta. Niliuza pikipiki yangu. Siku hizi naenda shuleni kwa miguu.

Kazi ilipokwisha, binti alipima kila mahali na kifaa chake, akasema ni salama. Mama alikuwa ameshatoka hospitali, amekaa mlangoni na bandeji mikononi. Mke wangu alileta ndoo ya maji, akayamwaga chini kati ya dirisha na gari.

"Mwalimu avue viatu," alisema. "Ashike gari na nondo."

"Mama, si lazima," fundi alimwambia mke wangu. "Nimeshapima."

"Najua umepima."

Nikavua. Maji yalikuwa ya baridi. Gari lilikuwa linachaji, taa yake ndogo ya kijani ikipepesa. Nilishika mlango wa gari kwanza. Mkono wa pili ulikataa kwenda. Niliutazama ukiwa umebaki hewani kama si wangu. Hakuna aliyeniharakisha. Nikafumba macho, nikashika nondo.

Ilikuwa chuma tu, baridi.

"Haya," mke wangu alisema, akamsaidia mama yake kuinuka, wakaingia ndani.

Mama alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia havijanyooka mpaka leo. Huja kututembelea bado. Giza likianza kuingia, hawashi taa mwenyewe. Hukaa kwenye kiti chake akaita mtu yeyote aliye karibu, na mara nyingi anayekwenda kuiwasha ni mimi.