Mama wa Meno na Watu Wanaosubiri Kuumwa

Jumatatu asubuhi nilikuwa dukani, mtaa wa Lizaboni, nikinunua mkate, mwenye duka akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia sijasikia kitu. "Yule mama wa meno amefariki huko kwao Tunduru. Wanazika leo alasiri." Nilisahau mkate nikarudi nyumbani. Huyo mama wa meno alikuwa tabibu aliyetibu vinywa vya watu hapa Songea kwa miaka mingi hadi alipostaafu na kurudi kwao. Hakuwa ndugu yangu, wala hatukusali pamoja, maana yeye alikuwa Mwislamu na mimi ni wa Jumapili. Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisoma nikiandika habari za barabara, mbolea na shule. Leo naomba mnivumilie niandike habari za meno, kwa sababu bila yule mama pengine leo ningekuwa sina mzazi.

Tulifahamiana siku niliyokwenda kwake nimeshika shavu. Fizi ilikuwa imevimba na nilikuwa nimeshaamua mwenyewe tiba yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama, nimekuja kung'oa." Akaitika marahaba, akanilaza kwenye kiti, akachungulia kwa muda mrefu. "Nani amekwambia ung'oe?" Nikasema jino lenyewe ndilo limeniambia. "Jino lako zima kabisa," akasema. "Kinachouma ni fizi, na fizi inauma kwa sababu ya ugaga uliokaa chini yake." Nilijitetea kwamba napiga mswaki kila siku. Akanijibu kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba mswaki unaondoa uchafu wa jana, lakini uchafu ukishaganda ukawa mgumu, mswaki utapita juu yake mpaka uishe nywele. Hapo unahitaji mtu mwenye vifaa na mkono uliofundishwa. Akaanza kukwangua. Nilitema damu, nikaona aibu, kisha akaniwekea kwenye pamba kipande cha rangi ya kahawia, kigumu kama kigae cha chungu. "Hiki umekifuga mwenyewe, mwandishi." Siku chache baadaye uvimbe uliisha, na jino lile ndilo ninalotafunia hadi leo. Aliponiambia nirudi baada ya miezi sita, nilimjibu kwamba nikiumwa nitarudi. Akavua glovu, akaniangalia. "Ukiumwa utakuwa umechelewa. Njoo ukiwa mzima."

Nilikwenda, kwanza kwa kumwonea haya, baadaye kwa mazoea. Ndiyo maana mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea kutoka kijijini, upande wa Hanga, nami nikaona anamega ugali vipande vidogo vidogo na kuacha nyama, nilijua pa kumpeleka. Meno yake ya mbele yalikuwa yanacheza. Yeye hakuona ajabu. "Meno nayo yana zamu yake ya kuondoka, mwanangu," alisema. Tabibu alipomchungulia aliona usaha kwenye fizi ni mwingi kuliko ambao ugaga ule peke yake ungeweza kuuleta, akaanza kumuuliza maswali ambayo mama aliyaona hayahusiani na kinywa. Anapata kiu sana? Amepungua mwili? Kidonda kikimtokea kinachelewa kupona? Kisha akasema kabla hajamsafisha anataka apimwe sukari, chumba cha pili tu. Mama akakataa. "Nimekuja kwa meno, mnataka kunitoboa kidole?" Siku ile foleni ilikuwa ndefu na tabibu alikuwa amechoka. Akatamka neno ambalo hakupaswa kulitamka. "Basi nenda nyumbani ukaoze kinywa, mama." Mama alijifunga kitenge chake, akatoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi alipanda basi la kurudi kijijini.

Hapo ndipo nilipofahamu yule tabibu alikuwa mtu wa namna gani. Alinipigia simu Ijumaa. "Nimemsemea vibaya mzazi. Sina raha. Kesho nipeleke kwake." Tukaenda. Nilimwona kwa macho yangu tabibu mwenye nywele za mvi akipiga magoti kwenye ua wa mama yangu, akimpa shikamoo, akimwomba radhi bila kutafuta kisingizio cha uchovu wala foleni. Mama alimwacha pale chini kwa muda, nami nikaanza kuogopa. Kisha akasema, "Marahaba. Inuka, utachafua gauni. Umekula?" Akamwandalia ugali na likolo, ile mboga yetu ya majani, wakala kwenye sahani moja. Waliposhiba, mama mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Hiyo sukari inaingiaje kwenye meno?" Akaelezwa polepole kwamba sukari ikizidi kwenye damu fizi hushindwa kujilinda, na fizi zikiwa na ugonjwa sukari nayo inakuwa ngumu kutulia, hivyo mmoja anamchochea mwenzake. Jumatatu tulikuwa hospitali. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba daktari aliniita pembeni akaniuliza tulikuwa tunasubiri nini. Mama alianzishiwa dawa, akasafishwa kinywa kwa awamu, akapoteza meno mawili, yaliyobaki yakashika. Yuko hai. Mwezi uliopita nimemkuta anatafuna mahindi ya kuchoma.

Nimewaza sana juu ya mwenendo wetu. Hapa kwetu mtu anapalilia mahindi kabla magugu hayajayafunika. Dereva wa bodaboda anabadilisha oili wakati pikipiki bado inakwenda vizuri. Hakuna anayesubiri injini ife ndipo amtafute fundi. Lakini kinywa tunakiachia mpaka kitupigie kelele, na kikipiga kelele tunakimbilia koleo. Maneno kwamba kinga ni bora kuliko tiba yamebandikwa kwenye kuta za zahanati zetu, na chini yake tumekaa kwenye benchi tukisubiri tiba. Wengine wanaogopa maumivu, wengine wanaamini kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Mama wa meno alikuwa akiwajibu kwamba ugaga unalishika jino kama mwizi anavyomshika mtu mkono, si kwa kumsaidia. Ukiuondoa utahisi mianya kati ya meno ambayo hukuizoea, na fizi itapata nafasi ya kupona.

Nilifika Tunduru siku ya pili, ameshazikwa. Dada yake, mwanamke mzee mwenye sauti ndogo, alinikaribisha kwenye mkeka. Nilipomwamkia na kumpa pole aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema nilikuwa mgonjwa wake. "Alikutibu nini?" Ukiondoa siku ile ya kwanza, miaka yote nilikaa kwenye kiti chake nikiwa sina ninachoumwa. Nikamwambia hivyo. Yule dada alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu niketi. "Basi wewe ulimsikia," akasema. "Wengi hapa walimpenda tu."

Nimerudi Songea na maneno hayo, na nimeyapokea kama wasia. Kumpenda mtu aliyetuhudumia ni jambo jema, ila tukiishia hapo tutakuwa tumemzika pamoja na kazi yake. Kumsikia ni kumpeleka mzazi akachunguzwe kabla hajaanza kuacha nyama sahanini, ni kukaa kwenye foleni ukiwa huna uvimbe wa kumwonyesha jirani. Nafasi yake ameishika tabibu kijana aliyefundishwa naye. Alhamisi hii nina miadi kwake, nami nitakwenda na mke wangu. Hakuna hata mmoja wetu anayeumwa.