Kuta za Phelesia

Fundi Bichage aligonga nguzo ya kwanza kwa nyundo, akaweka sikio. Nashon, mwenye nyumba, alisimama kando na kofia mkononi, kama mtu anayengoja daktari aseme.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, juu kidogo ya soko la Rangwe. Phelesia, mkewe Nashon, alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Tangu aende, mvua ilikuwa imeula ukuta wa upande wa ziwa mpaka fito zikaonekana. Binti yao Caren, mwalimu mjini Homa Bay, alileta lori mbili za mawe ya kuchonga. Alitaka nyumba ile ya miti na udongo ibomolewe. Nashon alikataa. Wakapatana hivi: fundi agonge nguzo zote kumi na nane. Zikiwa nzima, mawe yatajengwa kuizunguka kwa nje, yaache nafasi ya kiganja hewa ipite, na nyumba ya zamani ibaki ndani. Zikiwa zimeoza, inashuka.

"Nani alijenga hii?" Bichage aliuliza.

"Mimi na ndugu zangu."

Fundi akatazama pale boriti ilipokalia nguzo. "Mzee, sioni msumari."

"Hakuna."

"Basi si wewe na ndugu zako."

Nashon akageuza kofia mkononi. "Ni mama Caren."

Phelesia alizaliwa Kendu Bay, kwa baba aliyeunda mashua. Hakukanyaga shule. Alikua akimshikia babake mbao, na mti aliujua kwa kuunusa. Alipoolewa, mwaka wa hamsini na tatu, wanaume walikuwa tayari wanasimamisha nyumba yake. Kwa Wajaluo mwanamke hapandi juu ya nyumba inayojengwa, basi hakupanda. Alisimama chini, akachora vumbini kwa kijiti: kichwa cha nguzo kichongwe ulimi, boriti itobolewe tundu, kigingi kipite katikati. Na miti iwe siala, ambayo mchwa huikwepa.

"Nashon," kaka yake mkubwa alipiga kelele kutoka juu, "umeoa bibi ama umeoa seremala?"

"Wote wawili," Nashon alijibu, "na ng'ombe nilitoa za mmoja."

Walicheka, lakini walichonga. Mwaka wa sitini na mbili upepo uling'oa mapaa mlima mzima. Lile la Phelesia lililia tu, likatulia. Kaka mtu alikuja asubuhi, akazunguka nyumba mara mbili, akaenda zake bila neno.

Kila mwaka baada ya mavuno Phelesia alipiga magoti akasiriba kuta: udongo, mavi ya ng'ombe, jivu. Miaka arobaini. Akiwa na mimba, akiwa na malaria, alisiriba. Mwaka mmoja tu alikosa, wa themanini na sita, alipokwenda kumuuguza mamake. Nashon akataka kumfurahisha. Akapaka simiti ukuta wa nyuma, kutoka chini hadi kiunoni, kama maduka ya Rangwe. Phelesia aliporudi aliupapasa ule ukuta.

"Maridadi," alisema. "Lakini huu mti utapumulia wapi, jaduong', mzee wangu?"

Hakulitaja tena. Mwaka uliofuata alisiriba kuta tatu, ule wa nne akauosha kwa maji.

Sasa nyundo ilikuwa imepita nguzo kumi na saba, na zote zililia kama chuma. Bichage akafika kona ya nyuma, ambako maji ya paa humwagika, akabandua simiti. Nyundo ikazama.

Caren, aliyesimama kando ya mawe yake, alifumba macho. "Baba, tulipatana."

"Hiyo ni yangu," Nashon alisema. "Si yake."

"Yako vipi?"

"Simiti niliiweka mimi."

Bichage alikuwa ameinama. Uozo ulikwenda hadi kiunoni, ukakoma pale pale simiti ilipokoma. Juu yake mti ulikuwa mwekundu, mkavu. Kisha akavunja bonge la udongo kwenye ukuta wa kando, akampa Caren. Lilikuwa na matabaka membamba, moja juu ya jingine, kama chapati iliyokunjwa vizuri.

"Mwalimu, hesabu. Kila moja ni mwaka wa mamako."

Caren alianza kuhesabu kwa ukucha. Alipofika kumi na kitu aliacha.

"Nguzo ya kona ikioza," aliuliza polepole, "nyumba yote si imekwisha?"

"Ng'ombe akivunjika mguu unamchinja. Nguzo si ng'ombe; naikata, naunga nyingine. Lakini kiungo cha namna hii mimi sikijui. Mimi ni mtu wa mawe."

Nashon alikuwa amekwisha kwenda kutafuta patasi.

Siku mbili alichonga gogo la siala kivulini, bila kupima kwa kitu ila vidole. Bichage aliazima jeki ya lori, akaiinua boriti kidogo, kidogo tena. Wakakata palipooza. Nashon akaingiza mguu mpya. Ulimi ukagoma, akautoa, akaparua upana wa ukucha, akaurudisha. Akapigilia kigingi mara tatu.

"Shusha," alisema.

Jeki ikashuka. Boriti ikalia, ikakaa. Mlango wa nyuma, ambao kwa miaka ulifungwa kwa kusukumwa na bega, ukajifunga wenyewe taratibu.

Caren akaufungua. Ukajifunga tena. Akasimama pale, mkono juu ya mbao.

"Fundi," alisema, "kesho lete mchanga, uanze mawe. Kwa nje."

Nashon aliketi kwenye vumbi la mbao, patasi mapajani, akitazama juu, pale boriti ilipokalia nguzo.